Mashini ya dola 150 ya "kuondoa sumaku" kwenye CD: tuipime

Bandugu, jambo! Ni mimi hapa Lubumbashi, na leo nimekasirika, kwa hiyo kaeni karibu. Oneni hii: kasahani keusi, kenye taa moja ya bluu. Shemeji yangu ameitoa Ubelgiji, dola 150! Unaweka CD, unafinya, inalia vuuu, eti sumaku imetoka na sauti imesafika.

Sumaku gani? Hii hapa nimeitoa kwenye bafle (spika) iliyoungua. Naisogezea msumari... tak! Umeruka wenyewe. Sasa CD. Napitisha juu, chini, ukingoni. Yaya, leta kamera karibu. Mwaona? Imelala tu. CD ni plastiki na utando mwembamba wa aluminiamu, na aluminiamu haishikwi na sumaku. Kuitoa sumaku ni kumnyoa mwenye upara! Wauzaji wanajitetea kwa wino wa maandishi yaliyochapwa juu ya CD, eti una chuma ndani. Haya, uwe na chuma hata kilo: leza, mwanga wa mashini ya kuchezea CD, inasoma vishimo vidogo vyenye muziki, haisomi wino.

Sikuishia hapo. Nilinakili wimbo mmoja kwenye kompyuta, nikaipitisha CD kwenye kasahani, nikanakili tena. Mafaili mawili, nikalinganisha sifuri na moja zote zinazobeba muziki: hakuna hata sifuri moja iliyogeuka kuwa moja. Na kuna mwenzetu, chaneli yake kubwa kuliko hii, simtaji, alifumba macho akasema "besi imefunguka". Kaka, tuliona mkono wako ukiongeza sauti!

Wa kalamu ya kijani, ile ya kupaka ukingoni mwa CD eti imeze mwanga wa leza unaopotea, nao msicheke. Wimbi la mwanga wa leza ya CD ni la nanomita 780, halimo kwenye rangi tunazoziona. Ila kalamu walau ni bei ndogo, mtoto ataichorea.

Kabla sijasahau, tumebakiza watu 40 tufike 2,000. Finya kengele, ni bure, si dola 150.

Sasa hii CD ya mama inaruka wimbo wa tatu tangu Krismasi. Kasahani: vuuu. Bado inaruka, sikieni. Haya, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini. Futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko unakula data nyingi mfululizo, na mashini ya kuchezea CD inashindwa kuziba pengo. Nakausha. Naweka. Wimbo wa tatu...

Shemeji, unasikia? Njoo uchukue kasahani kako.