Jazz mpya zinazoenzi wazee: kabla hujatoa hela, sikiliza besi

Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo leo naandika mara moja wote msome. Kuna msomaji wa Mwanza kanunua santuri ya vijana wa New York, jalada la picha nyeusi na nyeupe, suti nyembamba, moshi wa sigara, yani kila kitu kimekaa 1958, kufika nyumbani anasikia kitu kama mtu anavuta mpira wa manati nyuma ya piano. Mwingine yuko Muscat, yeye akadhani spika zake zimeungua, akazibeba mpaka kwa fundi, fundi akamrudishia akamwambia hazina tatizo. Na dada mmoja wa Nairobi kaniuliza kistaarabu tu, kwanini rekodi za zamani anazimaliza bila kuchoka ila hizi mpya zinazojinadi kwamba zinaenzi wazee zinamkera na hajui kinachomkera ni nini.

Ni besi jamani.

Sisemi gitaa la besi. Nasema lile dude la mti linalosimama refu kuliko mwenye nalo, linapigwa kwa vidole, kwenye jazz linatembea chini kwa chini toka wimbo unaanza mpaka unaisha na wengine wote wanalikanyaga kama sakafu. Wanunuzi wanauliza nani anaimba, ana tuzo ngapi, jalada likoje, kama ni santuri ya rangi au nyeusi. Besi hakuna anayeliuliza. Mambo ya nani ana vidole vyepesi na nani anaswing leo siyagusi kabisa, hawa watu wamesoma, wanapiga, hapo huwezi kupigwa. Utapigwa kwenye besi.

Zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa mnyama na maiki inawekwa mbele, unachosikia ni kidole, uzi, na ile hewa inayotoka kwenye tumbo la mti. Miaka ya 70 pikapu zikashika kasi, kidude kinabanwa pale nyuzi zinapokalia, kinachukua mtikisiko kinausafirisha kwa waya moja kwa moja hadi kwenye mashine. Nyuzi nazo zikawa za chuma, zikashushwa karibu na shingo ili watu wakimbize vidole. Jukwaani ilisaidia, siwezi kukataa, maana dramu zilikuwa zinalimeza besi lote. Lakini studio, ambako unaweza kumfungia mtu kwenye chumba chake na maiki yake, ulikuwa na haja gani na waya? Sikiliza rekodi kibao za miaka hiyo mpaka 80 na kitu, besi linalia kwa puani, mti haupo kabisa, na hata wakubwa kabisa walibebwa na huo upepo.

Waliogoma ni ndugu wa ukoo wa Marsalis wa New Orleans. Wynton wa tarumbeta na Branford wa saksafoni mnawajua, ila mwenye ugomvi hasa na waya alikuwa mdogo wao Delfeayo, mpiga tromboni ambaye pia ni prodyuza, huyu kwenye majalada ya albamu alizosimamia mwishoni mwa 80 alikuwa anachapisha kabisa taarifa kwamba besi limerekodiwa bila ule waya ili mti usikike vizuri. Mi nilivyoisoma mara ya kwanza nilitamani kumtumia vocha. Suti kila mtu anaweza kushona.

Sasa utajuaje kabla hujalipa. Kwanza achana na spika ya simu, uzi mzito kabisa wa hilo besi unatikisika mara 41 kwa sekunde na spika ya simu haifiki huko hata uibembeleze, unachosikia pale ni ubongo wako unajaziliza. Vaa hedifoni, hata zile za waya za barabarani. Tafuta mahali piano imetulia au mwimbaji anavuta pumzi, alafu sikiliza noti inavyokufa. Mti unapiga dum, inazimika, na kabla ya inayofuata unasikia ngozi ya kidole. Waya unapiga duuuwi, noti inaganda mpaka inamwingilia mwenzake. Ukisikia duuuwi funga mkoba, hata kama mwimbaji ni malaika.

Haya, orodha yangu ya albamu za kununua. Namba moja kwangu ni Live at the Village Vanguard ya Christian McBride Trio, 2015, na sioni wa kuing'oa. McBride ndiye mpiga besi na ndiye bosi wa kundi, kwahiyo hakuna wa kumpunguzia sauti. Kazaliwa Philadelphia 1972, baba yake mpiga besi, akalelewa kimuziki na gwiji wa besi Ray Brown, yani huyu besi ni ukoo. Piano yupo Christian Sands, dramu Ulysses Owens Jr. Ukumbi wenyewe wa Village Vanguard uko chini ya ardhi Manhattan, New York, kimuziki unajulikana dunia nzima lakini hauchukui hata watu 150, na ndipo Juni 1961 mpiga piano Bill Evans alirekodi na kijana wa besi Scott LaFaro, siku 11 baadaye LaFaro akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Ukienda kurekodi besi pale unajua nani anakusikiliza. Na McBride hakuingia kwa kunyenyekea tu, wanapiga wimbo wa Cherokee kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa na solo yake humo ikampa Grammy 2016, alafu wale wale wanageuka wanapiga Car Wash, ndiyo ile ya disko, na wimbo wa Michael Jackson juu yake. Hizo ndizo heshima ninazozitaka mimi, maana wazee wenyewe walikuwa wanapiga nyimbo zinazovuma mtaani kwao.

Lebo iliyoitoa hiyo ya McBride inaitwa Mack Avenue na niseme wazi kabisa, nina upendeleo nayo, asiyetaka aruke aya hii. Ni ya Detroit, jina limetoka kwenye barabara ya huko. Mama mwenye hela alikuwa Gretchen Valade, mjukuu wa Hamilton Carhartt, na ndiyo, ni Carhartt hiyo hiyo ya makoti magumu ya kahawia mnayogombania mitumbani. Hela ya nguo za wafanyakazi ikaenda kwenye jazz, na tamasha la jazz la Detroit lilipoyumba yeye ndiye aliyelinyanyua, amefariki 2022 Mungu amrehemu. Sasa Detroit kwa besi sio mji wa kawaida. Wapiga besi Paul Chambers, Doug Watkins na Ron Carter wote wamepita sekondari moja, Cass Tech, na Ron Carter ameingia kitabu cha Guinness kwa kupiga kwenye rekodi zaidi ya 2,200. Lebo ya mji huo ikituletea besi la puani itakuwa aibu ya ukoo.

Kidogo nitoke nje ya mada, ni Ron Carter huyo huyo na George Duvivier waliopiga besi kwenye Uhuru Afrika, albamu ya mpiga piano Randy Weston, 1960, ambayo ndani yake Mtanganyika Tuntemeke Sanga anasema maneno ya mshairi Langston Hughes kwa Kiswahili. Sio rekodi ya sasa kwahiyo haingii kwenye orodha, ila mtu akikwambia jazz ya Marekani haituhusu mwekee hiyo.

Namba mbili mwimbaji Cécile McLorin Salvant, Dreams and Daggers, 2017, Mack Avenue tena. Msinune. Sehemu kubwa imerekodiwa pale pale Vanguard, CD mbili, na ikachukua Grammy ya sauti ya jazz. Kila mtu anaongelea sauti yake na ni kweli ile sauti ni ya hatari, anaweza kuchukua wimbo wa Bessie Smith wa miaka ya 20 wenye matusi ya kificho akauimba ukumbi ukaangua kicheko, dakika mbili mbele kawaliza. Lakini mi nataka umsikilize Paul Sikivie nyuma yake kwenye besi. Huyu jamaa hajipendekezi. Anaweka noti, anaiacha ife, anaweka nyingine, na Cécile anakuwa na nafasi ya kuchelewa anavyotaka kwasababu chini kuko imara. Piano ni Aaron Diehl na dramu marehemu Lawrence Leathers. Albamu iliyofuata, The Window ya 2018, ni yeye na piano ya Sullivan Fortner karibu yote, nzuri mno, ila haina besi kwahiyo kwa mizani yangu siwezi kuipa namba, mtanisamehe. Alafu akahamia lebo ya Nonesuch. Sitaki kuliongelea.

Huyo Aaron Diehl ana yake, The Bespoke Man's Narrative ya 2013, lebo mnaijua. Hii ni kwa wale waliopenda lile kundi la zamani Modern Jazz Quartet, vibrafoni (vibao vya chuma vinavyogongwa) ya Warren Wolf, mambo ya taratibu, mashati yamepigwa pasi. Besi David Wong. Namba tatu, na ndiyo ya kuanzia kama nyumbani kuna watu wanaosema jazz ni kelele.

Namba nne nampa mwimbaji Samara Joy, Linger Awhile, 2022, lebo ya Verve, na najua nitatukanwa maana wengi mmekuja kwenye jazz kwa mlango wake. Binti wa Bronx, Grammy ya msanii mpya bora 2023 akawashinda watu wa pop. Besi ni David Wong tena, dramu Kenny Washington, gitaa Pasquale Grasso. Tatizo langu sio wao. Tatizo ni sauti yake imewekwa mbele sana mpaka besi limekaa kama mgeni wa mlangoni, unalisikia likiwa safi, lakini linaomba ruhusa. Portrait ya 2024 imerekodiwa studio ya Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, ile ile aliyorekodia mpiga saksafoni John Coltrane, na pale kuna besi la Felix Moseholm linapumua zaidi, tena kuna wapuliza vyombo wanne wanaojibizana na Samara. Mkilazimisha nichague kati ya zake mbili, nunueni Portrait.

Kwa kina Marsalis nina mbili. Live at the House of Tribes ya Wynton, imerekodiwa Desemba 2002 kwenye kijiukumbi East Village, New York, mbele ya kama watu 50, ikatoka 2005 lebo ya Blue Note. Watu wanapiga kelele, kuna tamburini, Kengo Nakamura kwenye besi anafanya kazi ya punda bila kulalamika, hii ni ya kupikia Jumapili. Ya pili Belonging ya Branford, 2025, ambayo ni albamu nzima ya mpiga piano Keith Jarrett ya 1974 imerudiwa upya, na Eric Revis ana besi zito la kukwangua mpaka unahisi vumbi la mti. Kama hujazoea jazz usianze na hii utaniletea kesi.

Bei chee? Zipo. CD zilizotumika, faili za kununua mtandaoni. Zile CD za mkusanyiko wa jazz ya mgahawani achana nazo, mara nyingi besi lake limepigwa na kompyuta. Flash ya nyimbo 500 usiniulize.

Na mnaoniandikia kuhusu Western Jazz na Morogoro Jazz, hiyo ni dansi yetu, besi lake la umeme na ni zuri hivyo hivyo, msinichanganyie madawa.

Sasa wauzaji. Hawa watu wa bei inbox wananifupishia maisha. Umeweka picha, umeweka moto tatu na neno original, bei inbox ya nini? Ukienda inbox anakuuliza wewe una ngapi. Ukimwomba picha ya santuri yenyewe anakutumia picha ya jalada, ukisisitiza anakwambia dada wewe msumbufu. Siku moja nikamuuliza mmoja kwenye hiyo albamu nani anapiga besi, akanijibu zote zina besi. Alafu app za kusikiliza nazo zimekuja kumaliza kazi, jina la mwimbaji liko kubwa, waliopiga unawatafuta kwa tochi na mara nyingi hawapo, kwahiyo mtu amesikiliza David Wong mwaka mzima na hamjui.

Bei nayo. Santuri mpya Marekani ni dola 25 mpaka 35, hujaweka nauli, hujaweka ushuru, ikifika huku imekuwa kodi ya chumba. Na kwa suala letu la besi santuri haina hata faida mnayodhani, sauti za chini zinakula nafasi kwenye mfereji, wakikujazia dakika nyingi upande mmoja lazima wapunguze sauti, na kinachopungua utamu kwanza ni huko chini. CD ya dola 15 inakupa besi lote bila mjadala. Najua santuri ni nzuri kupiga nayo picha.

Sisi tunaagiza watu kadhaa kwa kifurushi kimoja, CD kadhaa zinakuja kwa nauli inayokaribia ya santuri moja, maana santuri ni nzito na inataka boksi gumu. Ila wa kupokea na kugawa mchague asiye na gari. Mwenye gari lazima atafungua azijaribu zote kwenye redio yake njiani, na yako itakufikia ina mikwaruzo na alama ya kidole cha chipsi.