Miezi minne na saa ya kuhesabu kalori

Saa hii niliinunua Kampala kwa shilingi 120,000, nikitaka kujua natumia kalori ngapi ninapopanda kilima cha Naguru asubuhi. Mapigo ya moyo inayasoma vizuri. Nimeyahesabu mwenyewe mara nyingi, vidole shingoni, na tunapishana kwa mawili matatu tu.

Shida ni kalori. Siku moja nilizunguka uwanja wa mpira kwa dakika 60, mwendo wa kawaida, ikaniandikia 410. Nikafurahi, nikajipongeza kwa rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, ya mayai mawili. Nikaendelea hivyo wiki sita, na mizani haikushuka hata nusu kilo. Iliniuma sana, kwa sababu jasho nilikuwa nalitoa kweli.

Ndipo nikajifunza kupiga hesabu. Mtu aliyetulia hutumia takriban kilokalori 1 (ndiyo hiyo saa inayoiita kalori) kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Akitembea kawaida, mara tatu na nusu hivi. Nina kilo 70, kwa hiyo ni 245. Na kati ya hizo, 70 ningezitumia hata nikikaa kitini! Matembezi yenyewe yalinipa 175, na rolex moja inazimaliza zote na kudai zaidi.

Nilipofungua mipangilio nikakuta uzito ulioandikwa humo ni kilo 90, si wangu. Nilipousahihisha namba ikashuka, ila bado iko juu. Si bei rahisi peke yake inayosababisha: mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, na hata kilichokaribia ukweli kuliko vingine kilikosea kalori kwa asilimia 27 kwa wastani.

Nikipanda boda kwenye barabara ya mashimo, inanihesabia hatua. Nikibeba mtungi wa maji wa lita 20 kwa mkono uleule wenye saa, hatua zinapotea kwa kuwa mkono hauchezi, na hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote za siku yangu.

Sijaiacha. Nalinganisha wiki hii na iliyopita, basi. Chakula nakipima kwa njia nyingine. Dada yangu anataka kununua kama hii. Nimemwambia anunue kwa ajili ya mapigo ya moyo, na aandike uzito wake kabla hajaivaa.