Mlango Mmoja: Hoteli au Fleti kwa Likizo ya Mjini na Watoto Wadogo?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nachambua malazi. Familia yenye watoto wadogo inakwenda kutembea mjini siku nne, tano, ilale wapi? Nitapima aina tatu ambazo tumezilalia wenyewe tukiwa na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa mwaka na nusu: chumba kimoja cha hoteli, vyumba viwili vya hoteli vinavyofunguana kwa ndani, na fleti ya kupangisha kwa siku chache. Kote tulilipa wenyewe, na hakuna aliyetuomba tumsemee.

Naanza na lile ninalotaka mlishike hata kama mtaizima video hapa hapa. Kabla hamjatazama nyota za hoteli, bwawa au kifungua kinywa, tafuteni mlango. Mlango unaofungwa, kati ya kitanda cha mtoto na mahali mtakapokaa ninyi watu wazima.

Tupige hesabu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13. Ndiyo maana wetu hulala saa mbili kasorobo usiku, sisi tunalala saa tano. Hapo katikati kuna saa tatu na ushee, kila siku ya likizo. Mtazipitishia wapi?

Safari ya kwanza tulichukua chumba kimoja. Kizuri, kisafi, kitanda kipana. Saa mbili taa zimezimwa, mimi na mwenzangu tumekaa sakafuni bafuni, mlango tumeurudisha, tunanong'onezana kupanga ya kesho. Usiku wa pili hata kunong'ona tuliacha, tukalala pamoja na watoto. Saa kumi na moja alfajiri mdogo akasimama kwenye kitanda chake, akatuona, akaanza kutuita. Mkubwa naye akaamka. Kufikia siku ya tatu hakuna aliyekuwa na subira na mwenzake, tukakatiza matembezi tuliyoyangojea miezi mingi. Chumba chenyewe hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa sisi wanne ndani ya kuta nne.

Lakini sikikatai kabisa. Kwa usiku mmoja kinatosha. Na kama mtoto wenu bado hajafikisha miezi sita, inashauriwa alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake mwenyewe, kwa hiyo mlango ninaoupigia debe ninyi hamuuhitaji bado.

Vyumba vinavyofunguana, hapa sikilizeni vizuri. Kuna vyumba vinavyopakana na kuna vyumba vinavyofunguana, na si kitu kimoja. Vinavyopakana viko jirani tu. Kumfikia mtoto lazima utoke kwenye korido. Vinavyofunguana vina mlango wa ndani kati yake. Hoteli moja ilitukubalia vya kufunguana, tulipofika usiku tukapewa vilivyopakana, tukaambiwa lile lilikuwa ombi tu na si ahadi. Tukagawana, kila mzazi na mtoto mmoja, siku zote za likizo. Iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumelipa vyumba viwili ili tukae pamoja. Sasa nauliza kwa maandishi: mlango wa ndani upo, na mmeuthibitisha kwenye nafasi yetu? Jibu likiwa "tutajitahidi", natafuta kwingine.

Mkivipata kweli, ni raha. Mabafu mawili, mtu wa mapokezi yupo usiku kucha, chumba kinasafishwa, kitanda cha mtoto kinaletwa. Kinachokosekana ni jiko na mashine ya kufulia, na mwenye mtoto wa chupa anajua maana ya kukosa mahali pa kuchemshia maji saa nane usiku.

Sasa fleti. Fleti ina friji, ina jiko, ina sebule. Ila tazameni mtego huu: tangazo linasema "inalala watu wanne", mnafurahi. Fungueni picha zote mhesabu milango. Studio ni chumba kimoja kilichobadilishwa jina. Na fleti ya chumba kimoja cha kulala na kochi la kukunjua sebuleni, jiulizeni kochi hilo atalalia nani. Akilalia mtoto, sebule na jiko vimefungwa kuanzia saa mbili. Walazeni watoto chumbani, kochi lalieni ninyi. Mgongo utalalamika kidogo, lakini jioni mtakuwa nayo.

Jambo linalonipa wasiwasi kwenye fleti ni usalama, na hapa sitakwenda mbio. Fleti nyingi zilipangwa na mtu anayewaza wageni wazima. Nikiona roshani kwenye picha, naikuza. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, maana zaidi ya hapo mwili wa mtoto mdogo unaweza kupenya. Nondo zilizolazwa, badala ya kusimamishwa, kwa mtoto wa miaka mitatu ni ngazi. Kiti na meza vilivyosogezwa kwenye ukingo navyo ni ngazi. Madirisha namuuliza mwenye nyumba: yana kizuizi cha kufanya yasifunguke wazi? Wavu wa mbu hauhesabiki, haumzuii mtoto anayeegemea.

Maji ya moto. Inashauriwa maji ya bombani yasizidi nyuzi joto 49 za Selsiasi. Yakifika 60, ngozi ya mtoto inaungua vibaya ndani ya sekunde chache tu. Kwenye nyumba ya kigeni hamjui hita imewekwa nyuzi ngapi, kwa hiyo fungulieni bomba la moto kwa mkono wenu kabla mtoto hajaingia bafuni, kisha kwenye beseni anzeni na maji baridi ndipo muongeze ya moto.

Kitanda cha mtoto, ombeni picha yake yenyewe, msiridhike na neno "kipo". Godoro liwe gumu, tambarare, lisiache pengo pembeni. Mtoto wa chini ya mwaka asiwekewe mto wala blanketi zito. Vile vya zamani ambavyo ubavu wake unateremshwa na kupandishwa vikataeni. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011 baada ya watoto kufa kwa kunaswa, lakini kwenye stoo za watu bado vipo.

Lifti je? Ghorofa ya nne bila lifti, una mtoto aliyelala begani, kigari mkononi na mkubwa anayesema miguu inauma. Mkishindwa kupata lifti, msivuke ghorofa ya kwanza.

Kuhusu mahali, kwa kifupi. Ramani ya simu inahesabu mwendo wa mtu mzima. Ikisema dakika kumi, sisi na wa miaka minne tunatumia ishirini. Msitafute ukaribu na kila kivutio. Tafuteni nyumba ambayo mnaweza kuirudia mchana mtoto akalala, halafu mkatoka tena. Pakiwa na uwanja wa kuchezea jirani, nipo tayari kusamehe jiko dogo.

Na maoni ya wageni msiyasome yote. Andikeni neno "kelele", kisha "ngazi", kisha "watoto", msome yanayotokea. Wastani wa nyota hauwezi kukuambia kuna baa chini ya dirisha la chumba cha kulala.

Uamuzi wangu sasa. Usiku mmoja, chukueni chumba cha hoteli. Mkifika usiku wa manane, au ukiwa mzazi peke yako na watoto, vyumba vinavyofunguana, kwa sababu kuwa na mtu wa kumpigia simu hapo chini mtoto akipata homa ni jambo kubwa. Usiku tatu na kuendelea, fleti yenye chumba cha kulala kinachofungwa, ghorofa ya chini au yenye lifti, hata kama ni ndogo na haipendezi kwenye picha. Sisi safari ijayo tumeshachukua ya namna hiyo, na tuliipata ya tano kuulizia. Nne za kwanza mwenyeji alinyamaza nilipouliza habari za madirisha.

Ujumbe ninaowatumia ndio huu: "Tuna watoto wa miaka minne na mwaka na nusu. Chumba cha kulala kina mlango unaofungwa? Madirisha yana vizuizi? Naomba picha ya ukingo wa roshani na ya kitanda cha mtoto." Nimeuandika hapo chini ya video. Unakilini, badilisheni umri wa watoto, utumeni kabla ya kulipa.