Kioo cha laptop kinacheza? Kwangu ilikuwa waya tu, uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Laptop yangu ni ya mtumba, inchi 14, ilikuwa inapiga kazi fresh tu mpaka kioo kilipoanza kucheza. Ukikiinua kidogo kiko poa, ukikilaza nyuma mistari inajaa, mara kijani mara zambarau, mara giza kabisa huku feni unaisikia inazunguka. Duka la kwanza jamaa kaangalia tu kwa macho, "braza hicho kioo kimekufa, 220,000 nakuwekea kipya". Nikamwambia ngoja nijipange, nikasepa.

Nyumbani nikaichomeka kwenye TV kwa waya wa HDMI, nikabonyeza kitufe cha Windows na P ili picha itoke kote kote, TV safiii, kioo cha laptop kinaendelea na disko lake. Maana yake upande wa madabodi (ule ubao mkuu wa ndani ya laptop) unatoa picha vizuri. Nikaingia na BIOS, ile menyu ya mipangilio ya laptop yenyewe, mistari ipo vilevile, na huko Windows haijaanza hata kuwaka, kwa hiyo habari za drayva (programu zinazoendesha vifaa ndani ya Windows) na kupiga Windows upya hazihusiki hapo (na wapo watakaokupigia, hela wanachukua, unarudi nyumbani na mistari yako). Kwa wenye Dell, nyingi zina kipimo cha ndani, unaizima, unashikilia herufi D huku unawasha, kioo kinabadilisha rangi nzima nzima uone kama kina doa au mstari. Na kama ni giza tupu, mulika tochi ya simu kwa pembeni, ukiona maandishi kwa mbali ujue picha ipo, ni taa ya nyuma ndo haiwaki.

Ila kwangu dalili kubwa ilikuwa ile ya kubadilika ukisogeza kioo. Waya wa kioo unapita kwenye bawaba, kila ukifungua na kufunga unajikunja, mwisho unachunika.

Fundi wa pili, hukohuko Kariakoo, kaanza na hilohilo bila mimi kusema kitu, akawa anakichezesha kioo taratibu huku anakiangalia. Kilichonifanya nimkubali, kabla hajagusa plagi ya kioo alichomoa betri kwanza. Waya ule unabeba na umeme wa taa ya nyuma, ukiuchomoa huku moto upo unaweza kuunguza fyuzi kwenye madabodi, hapo tatizo la waya linageuka tatizo lingine la hela ndefu. Waya ulikuwa umechunika kweli pale kwenye bawaba, akanionyesha.

Kingine, msinunue waya au kioo kwa kutaja inchi tu. Kuna vya pini 30 na vya pini 40, haviingiliani, soma namba iliyoandikwa nyuma ya kioo chenyewe ndo uende nayo dukani.

Nimelipa 65,000, waya 45,000 na ufundi 20,000. Kazi nampa nne kwa tano. Moja nimeikata kwa sababu risiti hakuna, garantii ya mwezi ni ya mdomo, na fremu ya kioo kona ya chini kushoto haijakaa sawa, ukiibonyeza inalia ka! Nilimwambia, akasema "hiyo kawaida boss, itajikaa yenyewe". Mpaka leo haijakaa, ila mistari sijaiona tena.