Lenzi ya Canon 55–250mm STM kwa matembezi ya Kitulo na Ngozi

Kwa maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, lenzi hii inatosha na kuzidi. Kwa tandawala, ndege mkubwa anayetembea nyikani mita mia mbili mbele yako, haitoshi, tusidanganyane: utarudi na kidoa cha kahawia katikati ya majani. Naizungumzia Canon EF-S 55–250mm f/4–5.6 IS STM, iliyotoka mwaka 2013, ambayo siku hizi wengi tunainunua ikiwa imeshatumika.

Ina uzito wa gramu 375, na mimi naipendea hapo kuliko lenzi nene za 70–300. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Pumzi inakata mapema hata kwa mtu aliyezoea vilima vya Mbeya, na kamera nzito shingoni inakufanya uanze kutafuta gari kabla ya kutafuta maua.

Inafokasi kuanzia sentimita 85. Umbali huo unapimwa kutoka kwenye sensa, kwa hiyo mbele ya kioo zinabaki kama 65 tu. Ukivuta hadi milimita 250, fremu inachukua eneo lenye upana wa sentimita nane hivi, yaani shada la okidi linajaa vizuri huku wewe umesimama njiani bila kukanyaga majani. Faida hiyo ni kubwa, maana okidi nyingine ni ndogo na hazijachanua. Mguu mmoja nje ya njia unaua usichokiona. Na kama simu au kamera yako inahifadhi eneo la picha, zima, isiwaelekeze wachimbaji. Viazi vya okidi vilichimbwa sana huko kwa ajili ya chikanda ya Zambia, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na hifadhi ilianzishwa mwaka 2005 kukiwa na tatizo hilo.

Kinachoharibu picha nyingi Kitulo ni upepo. Kizuia mtikisiko cha lenzi kinatuliza mikono ya mpigaji, ua lenyewe linaendelea kucheza. Weka shata 1/640 ya sekunde, tundu f/7.1, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) uiache ipande hadi 800. Chuchumaa mgongo uelekee upepo uwe ukuta, kisha piga mfululizo picha nne au tano upepo unapolegea. Kabla ya saa tatu asubuhi kazi huwa rahisi zaidi, na jua halijawa kali.

Kniphofia, ua la shada jekundu na njano, linataka uangalifu wake. Lile shada lake refu huchanua kuanzia chini: vimirija vya chini vimeshafunguka na kuwa njano, vya juu bado vimefumba na ni vyekundu. Fokasi iweke kwenye mstari rangi hizo zinapokutana, ndipo chavua inapoonekana, na ndege chozi akija ndipo atakapoingiza mdomo. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (stop) kwenye kamera, la sivyo wekundu unaungua na kuwa bapa bila michirizi. Ukungu ukishuka, fanya kinyume, ongeza theluthi mbili hadi hatua nzima, kwa sababu kamera inauona weupe ule kama mwanga mwingi na kuufanya kijivu.

Baridi nayo ina mambo yake. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti. Ukitoka nje na kuingia kwenye gari lenye joto, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kwanza, umande ugande juu ya plastiki badala ya kioo. Lenzi hii haina mpira wa kuzuia maji, kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili, msimu wa maua ambao ndio huohuo wa mvua, mfuko huo usikose.

Ngozi, ziwa lililo ndani ya kreta, ni habari nyingine. Njia ya kupanda ukingo wa kreta inapita msituni, ina utelezi, na pale juu mikono yote miwili inashika mizizi, kwa hiyo kamera iwe ndani ya begi. Chini ya miti mwanga ni hafifu na f/5.6 inakulazimisha ISO 1600 au 3200. Ukifika ukingoni, ziwa lote haliingii kwenye milimita 55. Beba ile 18–55 uliyonunua na kamera, haina uzito wa kukusumbua.

Unaponunua iliyotumika, soma maandishi ya pembeni: lazima yawe na STM. Ile ya zamani, IS II, inafokasi kuanzia mita 1.1 na kioo chake cha mbele kinazunguka, kwa hiyo filta ya kupunguza mng'ao inakuwa kero. Mulika ndani kwa tochi ya simu ukitazama kwa upande. Nyuzi kama utando ni kuvu, na kwa unyevu wa Tukuyu huenea haraka, achana nayo. Pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa. Haiingii kwenye DSLR za Canon za fremu kamili (zenye sensa kubwa), na kwa kamera zisizo na kioo za mlango wa RF itahitaji adapta. Hudi yake, kinga ya mbele ya kioo, ni ET-63, huuzwa peke yake, ipate mapema kwa ajili ya manyunyu.