Filamu haikuwa imeganda!

Kiingilio nililipa, kiti nilipata, soda ilikuwa ya baridi. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu na ukumbi huu wa hapa Area C ni kitendo kimoja, na mpaka leo kinaniuma.

Walitangaza jioni ya filamu fupi za majaribio, zile zinazojaribu mitindo isiyo ya kawaida. Mkazi wa Dodoma anajua hiyo ni bahati ya namna gani. Kumbi zetu zikijaa, ni mpira wa Ulaya. Nikamchukua mpwa wangu, anayepiga video za Bongo Fleva, nikamwonyeshe La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962. Ni dakika 28 za picha mnato na sauti ya msimulizi, basi. Hiyo hiyo ndiyo iliyozaa 12 Monkeys ya Bruce Willis mwaka 1995. Kuna mahali pamoja tu ambapo picha inatembea: mwanamke amelala, anafumbua macho. Sekunde chache! Marker amekunyima mwendo muda wote ili uuone hapo.

Kijana wa projekta akadhani imeganda, akaanza kuipeleka mbele. Nikamwambia, "Mwanangu, haijaganda, ndivyo ilivyotengenezwa. Rudisha." Akajibu bila hata kugeuka: "Mzee, watu wamechoka. Kama unaijua, si ukaangalie kwako?" Macho yale yakapita hivi hivi. Akaifunga, akaweka nyingine.

Mwenye ukumbi nilipomfuata, akasema kijana bado anajifunza. Anajifunzia kwa kiingilio changu? Samahani hakuna.

Nilitaka kuwaambia msiende kabisa. Ila hiyo nyingine ilikuwa Meshes of the Afternoon, ambayo Maya Deren na mumewe waliipiga nyumbani kwao Los Angeles mwaka 1943, kwa kamera ya milimita 16. Alipotokea yule mtu wa joho jeusi, mahali pa uso pana kioo, mpwa wangu alinishika mkono: "Mjomba, hiki kioo nimeshakiona kwenye video za muziki!" Njia nzima kurudi Makole alikuwa akipanga atakavyopiga video inayofuata ndani ya nyumba ya mama yake. Kwa hilo nawashukuru, tena kutoka moyoni.

Nyota tatu, basi. Hapana, mbili. Nikikumbuka lile jibu, mbili zinatosha. Wakiirudia La Jetée nitalipa tena, mradi kwenye projekta akae mtu mwingine.