Mbao za gari la baba zilivyoivisha maharage Nyakato

Gereji iliyoharibu gari la baba sitaitaja kwa jina. Si huruma, ni mwanangu amenikataza, anasema nitapelekwa mahakamani na pensheni yangu ya ualimu haitoshi hata kumlipa wakili. Ipo Nyakato. Gereji za Nyakato ni nyingi kama mawe ya Mwanza, kwa hiyo mwenye akili ataulizia kwanza kabla ya kuacha gari lake popote.

Gari ni Morris Minor Traveller, lile dogo lenye mgongo wa mbao. Kuanzia milango ya mbele kurudi nyuma limejengwa kama kabati la vyombo: mihimili, nguzo, na milango miwili ya nyuma inayofunguka kama dirisha la zamani. Nyumbani tuliliita Kabati tu. Baba alilinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao, wakati huo baba akiwa karani wa ushirika wa pamba, siku ambazo jina la Paul Bomani, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa pamba, lilitajwa mezani kwetu kama la mjomba. Jumamosi tulilipeleka ziwani kuliosha, watoto watano na ndoo mbili, na aliyesugua mbao kwa mchanga badala ya kitambaa alikula kofi. Nadhani ile vanishi baba aliipenda kuliko sisi.

Ubovu ulianzia pale unapopenda kuanzia kwenye Traveller: mfereji wa vioo vya pembeni. Vile vioo haviteremki, vinatelezeshwa, na mfereji wake umekaa juu ya mbao. Takataka zikiziba vitundu vya kutolea maji, mvua inatuama mle na mbao inakunywa kimyakimya. Siku nilipochokoa kwa bisibisi, bisibisi ilizama kama kwenye mkate. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Wa kushoto ulikuwa mzima, ukiacha kipande cha chini.

Sasa sikilizeni. Nimefika gereji, nimesalimia vizuri, bosi hajanyanyua hata kichwa kwenye simu. Alipomaliza akaniangalia, akaangalia gari, akaniuliza:

"Mama, baba watoto yuko wapi tuongee naye?"

Nikamwambia yuko makaburini, akimpata anisalimie.

Nilipaswa kugeuza gari palepale. Sikugeuza. Nilikuwa nimeshatembea gereji tatu na zote zilicheka, huyu angalau alisema anaweza. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza kidato cha pili, kwamba mbao zile si pambo. Ndizo zinazobeba paa, vioo na milango ya nyuma. Ukizitoa, huna nusu ya gari. Akacheka. "Gari gani la mbao karne hii?" Nikamwambia Uingereza, mji wa Malvern, kampuni ya Morgan wanaunda magari mpaka leo yenye fremu ya mbao ndani ya bodi, na mbao yenyewe ni ya mti uleule wa ash uliotumika kwenye hili la kwangu. Akaitikia "sawa mama" kwa ile sauti ya kumfukuza nzi. Nikatoa laki nane za kianzio. Zilizobaki, tukakubaliana, nikiona kazi.

Njoo Ijumaa. Njoo Jumatatu. Fundi amefiwa. Umeme umekatika. Hayo sitayasimulia, kila aliyewahi kupeleka gari gereji anayajua kwa moyo.

Siku ninayotaka kuisema ni ile niliyokwenda bila kupiga simu. Nikazunguka nyuma kutafuta choo. Nyuma ya gereji kuna mama ntilie, mafiga matatu, sufuria kubwa la maharage. Chini ya sufuria kumechomoza kipande cha mbao, ncha moja moto, ncha nyingine bado ina vanishi ya baba na skrubu mbili. Nilisimama. Nilikitambua kwa mkwaruzo ambao kaka yangu aliuchora kwa msumari tukiwa wadogo, akachapwa mpaka jirani akaja kuamua. Pembeni kulikuwa na vipande vingine vinne vimepangwa vizuri, vinasubiri zamu yao.

Mama ntilie alipoona uso wangu aliacha mwiko. "Mama, mimi waliniletea wakasema ni kuni." Hana kosa yule dada. Alinisaidia kukichomoa, akakimwagia maji, na alitaka hata kunipa sahani ya maharage bure. Sikuweza kula.

Nikarudi kwa bosi na kile kipande kinatoa moshi mkononi. Hakuona hata aibu. "Ule ulikuwa uozo mama. Tumekusaidia kutupa takataka." Halafu, mbele ya vijana wake: "Si yameiva lakini?"

Wakacheka wote. Isipokuwa kijana mmoja wa rangi, nitamfikia.

Nieleze kwa nini nimeng'ang'ania mbao zilizooza, maana hata dada yangu aliniuliza. Fundi anayejua kazi hatupi kipande kibovu mpaka kipya kimekaa mahali pake. Kile kibovu ndicho ramani. Hata kama nusu yake ni unga, tundu la skrubu lipo, mkato wa kiungo upo, mpindo upo. Kwenye bodi ile mistari iliyonyooka ni ya kutafuta. Traveller ya mwisho ilitoka kiwandani 1971, na hapa Mwanza hakuna duka utakaloingia useme nipe nguzo ya nyuma kulia. Uingereza wapo wanaochonga seti nzima za mbao hizo. Nilipiga hesabu ya kusafirisha na ushuru, nikafunga daftari.

Mahali pa mbao waliweka nini? Paipu za mraba za chuma, zimechomelewa, juu yake plaiwudi, juu ya plaiwudi puti, juu ya puti rangi ya kahawia, na juu ya rangi mtu amechora mistari ya mbao kwa brashi. Mistari! Kama kochi la studio ya picha. Nilipokuwa nalirudisha nyumbani, kwenye tuta la Mabatini, kioo cha pembeni kulia kikapasuka toka kona hadi kona. Nimefundisha fizikia miaka mingi, hilo halikunishangaza: upande mmoja mbao inanesa, wa pili chuma kimekaza kama jino, kioo kiko katikati. Kitapona vipi?

Niwe mkweli, rangi ya boneti ni nzuri. Yule kijana hakucheka, na aliniomba msamaha pembeni kwa niaba ya watu waliomzidi umri. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota mbili. Halafu nikikumbuka "si yameiva lakini" nazifuta zote. Sifuri. Na nyota ya kijana aichukue mwenyewe aondoke nayo, atafute kazi kwingine.

Kilichoniokoa ni deni. Kwa kuwa nilikuwa sijamaliza kulipa, upande wa kushoto hawakuugusa.

Ni mvuvi mmoja wa kanisani kwetu aliyeniambia acha mafundi bodi, nenda kwa wanaounda mitumbwi. Nikaenda Igombe. Mzee nilimkuta ufukweni anakunywa uji, nikampa shikamoo, akaitikia, akamaliza uji wote kabla ya kunyanyuka. Hakuwahi kuona gari la namna ile. Akalizunguka mara mbili, akagonga mbao kwa vifundo vya vidole kama daktari, akachungulia kwa ndani pale nguzo zinapopanda kukutana na paa. "Mwalimu, huu ni mtumbwi umegeuzwa. Haya ni mataruma." Yaani mbavu za mtumbwi.

Nilikuwa karibu kulia, sitaki kusema uongo.

Alikata mifuko ya saruji, akaibandika upande wa kushoto, akachora kila kipande kwa mkaa, kisha akaigeuza karatasi. Kushoto kukawa kulia. Kazi ya dakika, na wale wa Nyakato haikuwapitia hata kichwani. Kipande kinachopinda juu ya tairi hakukikata kwenye ubao ulionyooka. Alitafuta tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Ndivyo wanavyochagua mataruma. Mbao niliyomletea, mninga wa Tabora wa pesa nyingi, aliuweka shavuni, akaunusa, akaurudisha kwenye guta. "Huu bado unalia." Tukasubiri mwingine ukauke. Tulisubiri sana. Hapo nami nilianza kumkasirikia, maana Kabati lilikaa chini ya turubai jirani na vichanja vya dagaa, na harufu ile haijatoka mpaka leo. Wajukuu wanapanda wameshika pua.

Tuligombana mara mbili. Mara ya kwanza misumari: yeye maisha yake yote ni misumari, mimi nilitaka viungo vya ulimi na tundu, gundi, na skrubu za shaba, kwa sababu chuma kikishika kutu ndani ya mbao kinaila. Alinung'unika, akafanya. Mara ya pili nilimkuta anapiga kalafati kwenye mfereji wa kioo, pamba imeshindiliwa vizuri kabisa kwa patasi butu. Baba angefurahi kuiona pamba mle. Lakini nikamwambia, mzee wangu, mtumbwi unataka pamba inywe maji ivimbe izibe. Mfereji huu unataka maji yatoke. Akanyamaza muda mrefu. Nikadhani nimemvunjia heshima. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akachomoa pamba yote, akatoboa vitundu vya maji, vikubwa kuliko vya kiwandani.

Gharama yake ilizidi ya Nyakato, na muda alioahidi aliuzidisha mara tatu, na simu hapokei akiwa kazini, na akiwa nyumbani hapokei pia. Ningempa nyota tano. Nikihesabu dagaa, nne.

Paipu zile alizikata akazifanya kichanja cha kukaushia nyavu. Kile kipande kilichoungua nusu aliomba nimwachie, nikakataa, kipo kabatini, kabati la kweli.

Kiangazi chote mlango wa nyuma kulia ulikuwa unalia ukifungua asubuhi. Nikamwambia. Akasema utaacha mvua zikianza, mbao itakaa sawa. Mninga hauvimbi sana, nikamwamini. Mvua zimeanza juzi. Kelele imekwisha kweli, ila mlango nao haufunguki, na ndani kuna magunia mawili ya mpunga wa dada yangu, naye anasafiri Alhamisi. Nimepiga simu mara sita.